Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: deni na mshahara vikae kwenye karatasi moja

Mheshimiwa Waziri,

YAH: NAMBA MBILI KWENYE BARUA YA UDAHILI

Wiki iliyopita nilikuwa nimeshika kisigino cha mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa goti, napima linakunja nyuzi ngapi. Akaniuliza, "Mwanangu, binti yangu wa mwisho amepata nafasi ya kusomea kazi hii yako. Nimwache aende?" Nikamjibu, "Mzee wangu, goti limefika nyuzi 90." Aliona nimekwepa, akanyamaza.

Ningemwambia nini? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na huu ni mwaka wa saba nalipa mkopo. Siku ya kujiandikisha chuoni tuliambiwa wagonjwa hawaishi, hivyo ajira zipo. Wagonjwa kweli hawaishi.

Hebu tupige hesabu ambayo hakuna aliyetupigia. Mwanafunzi anakopa 25,000 mwanzoni mwa kila mwaka kwa miaka 4 (weka sarafu uitakayo), riba asilimia 7, na riba inaanza kuhesabiwa siku fedha inapotoka. Anapovua joho la mahafali, deni limeshatoka 100,000 na kufika 117,500. Akilipa kwa miaka 10, makato ni kama 1,364 kwa mwezi. Kama ameanza kazi kwa mshahara wa 50,000 kwa mwaka, hiyo ni karibu theluthi ya mshahara kabla hata kodi haijapita. Atashauriwa arefushe hadi miaka 25. Makato yanashuka hadi 830 hivi, anashusha pumzi, lakini mpaka amalize atakuwa amelipa karibu 250,000. Bado sijagusa ada ya leseni, wala miezi ya kukaa nyumbani ukisubiri kazi huku riba ikitembea. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Sisi watu wa afya tunajua kila dawa ina dozi yake.

Ombi langu ni dogo. Kila chuo cha afya kilazimike kuandika namba mbili kwenye barua ya udahili: deni la mhitimu wa katikati siku anapomaliza, na mshahara wa mkononi wa mhitimu wa katikati mwaka wa tatu baada ya kumaliza. Nasema wa katikati, yaani wapange wote kwa foleni kuanzia wa chini hadi wa juu, umchukue aliyesimama katikati. Wastani unadanganya, tia daktari bingwa mmoja kwenye hesabu uone wataalamu wa maabara wanavyotajirika ghafla. Namba zitolewe kwa kila kozi, si kwa "sekta ya afya" nzima, na wasio na kazi nao wasimame kwenye foleni.

Marekani waliwahi kuweka kipimo cha namna hii kwa kozi za kuandaa watu kwa ajira: marejesho yasizidi asilimia 8 ya kipato cha mwaka, au asilimia 20 ya kinachobaki baada ya kutenga fedha ya mahitaji ya msingi. Kipimo hicho kimevutwa huku na huko kila serikali inapobadilika, jambo ambalo halinishangazi. Mimi navutiwa zaidi na Australia, ambako tangu 1989 marejesho yanafuata kipato, na asiyefikia kiwango kilichowekwa hakatwi.

Najua utaambiwa kwamba tukizianika namba hizi, kozi zenye mshahara mdogo zitakosa wanafunzi, na wakunga tutawapata wapi? Ni hoja ya kweli, na imenisumbua. Lakini kama wakunga wanahitajika kuliko mshahara wao unavyoonyesha, basi serikali ilibebe deni lao, ifute kipande kwa kila mwaka wanaokaa kituoni. Kuziba pengo hilo kwa saini ya binti wa miaka 19 asiyejua anachosaini ni kumwonea.

Mzee anarudi Alhamisi. Dirisha la kuthibitisha nafasi ya bintiye linafungwa Ijumaa.

Wako,
Mtaalamu wa fiziotherapia, mwaka wa saba wa makato