Tasi na tafi ni samaki mmoja, kompyuta iambiwe

Mhariri, salamu. Naomba kanafasi niseme kuhusu hizi apu za kukusanya taarifa za viumbe, maana nimejitolea kwenye mradi mmoja hapa Tanga mwaka mzima na naona jasho letu limemwagika bure.

Iko hivi, asubuhi tunashuka diko, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, na simu, dema (mitego ya samaki) zikishushwa tunapima, tunapiga picha, tunajaza fomu. Sasa yule samaki wa utelezi mwenye madoadoa, ambaye mwiba wake ukikuchoma mkono unawaka moto, sisi tunamwita tasi, wengine chafi. Vuka mpaka ufike Vanga au Shimoni, anaitwa tafi. Samaki yuleyule, kisayansi Siganus sutor, na bahari hiyohiyo. Lakini apu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha jina, kila mtu anaandika anavyojua, basi data zetu zilipounganishwa na za wenzetu wa Kenya kompyuta ikahesabu samaki tofauti, tasi ikawa kama anaishia mpakani na tafi anaanzia hapo!! Changu ndio kinyume chake, jina moja lakini ndani yake mna samaki wa jenasi ya Lethrinus wa aina kibao, na mtu akishaandika changu bila picha ndio basi tena, hakuna wa kuwatenganisha.

Na dawa ipo. Inaitwa ontolojia, neno linatisha ila maana yake ni kwamba kila kiumbe kinapewa anwani yake moja kwenye intaneti, majina yote yanafungwa hapohapo, na inaandikwa wazi nini kinahusiana na nini, yaani huyu ni wa jamii gani, kavuliwa wapi, lini, kwa mtego gani, ili kompyuta yoyote ielewe bila kubahatisha. Kuna utaratibu wa kupanga majina na maana kwenye kompyuta unaitwa SKOS, wa 2009, unaruhusu kitu kimoja kubeba majina mengi na kila jina na alama yake ya lugha, mpaka Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya vinatofautishwa. Darwin Core nayo, utaratibu wa kuandika taarifa za viumbe uliopitishwa mwaka huohuo, inatenga jina la kisayansi na la wenyeji, na ina sehemu ya kuandika kwamba kiumbe hakuonekana.

Hii ya hakuonekana ndio inaniuma zaidi. Dema zikirudi bila tasi hata mmoja tulikuwa tunaacha patupu, sasa miezi imepita nani atajua kama samaki hakuwepo au hakuna aliyeangalia? Mvuvi anajua, anakwambia papo hapo siku hiyo, ila fomu haikumuuliza.

Ninachoomba, wanaobuni hizi apu waje diko kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa programu, wakae na wavuvi wa huku na wa Vanga pamoja, samaki awekwe mezani kila mtu ataje anavyomwita. Mimi nimeshaanza kuyaandika majina hayo kwenye daftari, nimefika ukurasa wa kumi na moja na changu sijawamaliza.

Mpima samaki wa kujitolea,
Tanga