Siri Isiyo na Hatia

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe pamoja na wote walio nyumbani. Barua yako nimeipokea, na swali lako limenikaa moyoni: ni kitu gani kinachonivutia katika riwaya za Kiingereza za mauaji ya vijijini, hasa hizi za miaka ya karibuni ambamo, pembeni ya maiti na upelelezi, wapo wanaume wawili wanaopendana? Umesema waziwazi kwamba kwako mambo hayo mawili hayapikiki chungu kimoja. Mimi naona yanafaana sana, na nitajaribu kukueleza sababu.

Wewe na mimi tulianza na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, kwa hiyo unaijua raha ya kumwona mtu mwenye akili akifungua fundo lililowashinda wengine. Raha hiyo imo humu pia, ila uwanja wake ni mdogo: kanisa, posta, baa moja na nyumba kubwa ya mwenye ardhi. Damu haimwagwi mbele ya msomaji, na maiti akishaondolewa watu hurudi kwenye chai yao. Mpelelezi hufanikiwa kwa sababu kila mtu anamtazama jirani yake; mfanyakazi wa posta anajua nani amepokea barua kutoka London, na mke wa kasisi anajua ni dirisha la nani lililokuwa na taa usiku wa manane. Waweke sasa wapenzi wawili wanaume katika kijiji hicho, na macho yale yale yanayomfichua muuaji yatakuwa hatari kwa watu ambao hawajamdhuru yeyote.

Hatari hiyo haikubuniwa na waandishi. Sheria ya mwaka 1885 iliruhusu mwanamume afungwe hadi miaka miwili, tena kwa kazi ngumu, kwa tendo la mapenzi na mwanamume mwenzake, hata kama lilifanyika faraghani, na haikulegezwa katika Uingereza na Wales hadi mwaka 1967. Matokeo yake yalikuwa kuwafungulia mlango watu wanaoishi kwa kutoza wenzao fedha ili wasitangaze siri zao, na ndiyo maana mtu wa aina hiyo anafaa sana kuwa maiti wa riwaya: akiuawa, nusu ya kijiji ina sababu ya kushukiwa. (Nasi hatuko mbali na habari hii, kwa kuwa vifungu vya ukoo huo vililetwa kwetu na wakoloni, na Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta mwaka 2019.)

Linalonigusa zaidi ni lile la mshukiwa asiye na hatia. Fikiria mwanamume anayeulizwa na polisi alikuwa wapi saa ya mauaji, na jibu la kweli ni kwamba alikuwa kwa mpenzi wake. Akisema hivyo, anajiokoa na kitanzi, kwa maana muuaji wakati huo alinyongwa, lakini anajipeleka gerezani yeye na mtu anayempenda. Akinyamaza, ukimya wake unaonekana kama hatia. Hadithi ya kawaida ya upelelezi hutufundisha kwamba anayeficha jambo ndiye wa kutiliwa shaka. Hizi zinatulazimisha kutenganisha siri ya mtu aliyeua na siri ya mtu aliyependa. Kwa hiyo hata ile sura ya mwisho, ambapo watu wote hukusanywa sebuleni na kila kitu kuwekwa hadharani, hubadilika. Mpelelezi mwema humtaja muuaji na kueleza hila zake, kisha kwa makusudi huacha jambo moja bila kulisema, na mimi huuheshimu ukimya huo kuliko werevu wake wote.

Usidhani pia kwamba watu hawa wameingizwa vijijini na waandishi wa leo tu. Katika riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1950, *A Murder Is Announced*, wamo Bi Hinchcliffe na Bi Murgatroyd, wanawake wawili wanaoishi pamoja kijijini, na majirani wanawapokea bila maswali. Sheria haikuwagusa wanawake. Jaribio la kuwaingiza mwaka 1921 lilishindwa bungeni. Christie hatoi maelezo yoyote kuhusu uhusiano wao, lakini pigo linapowafikia, uchungu anaouandika ni wa mtu aliyepotelewa na mwenzi wa maisha.

Anza na hiyo, dada. Kisha tafuta *Hither, Page* ya Cat Sebastian, iliyotoka mwaka 2019, yenye daktari wa kijiji aliyerudi na majeraha ya moyo kutoka Vita vya Pili vya Dunia, na jasusi wa serikali anayetumwa kuchunguza kifo cha mwanamke mfanya usafi. Mwandishi ni Mmarekani, lakini kijiji chake kinasadikika, na mapenzi yale yanakua polepole, kwa adabu, kati ya watu wawili waliozoea kuficha mambo. Ukimaliza, niandikie unieleze kama wewe ungemwambia polisi kila ulichokijua.

Wako akupendaye daima.