Labourer ni kulima, si "kufanya kazi"

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka ishirini na sita bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari ya wakulima wa Ufaransa imenishinda. Mwandishi wako anasema mvua zimewazuia "kufanya kazi". Kazi gani? Neno alilolikuta kwenye Kifaransa bila shaka ni labourer, na mkulima wa huko akilitamka anamaanisha kulima: kupitisha plau na kuupindua udongo, wa chini uje juu.

Asili yake ni Kilatini, laborare, yaani kufanya kazi kwa taabu. Waitalia wamebaki na maana hiyo pana. Lavorare kwao ni kufanya kazi, iwe shambani au benki. Kwa Wahispania likawa labrar, kwa Wareno lavrar, likaelekea kwenye udongo, hata labrador na lavrador wakawa ndio wakulima. Wafaransa wakalifunga kabisa kwenye plau. Hapo Msumbiji tu, anayesema Kireno atakwambia lavrar a machamba, na hiyo machamba ni neno letu shamba.

Naandika kwa uchungu kwa sababu nimeliona neno hili likila mavuno ya mtu. Nilikuwa bwana shamba huku Kasulu, mradi mmoja ukatuletea majembe ya kukokotwa na ng'ombe, pamoja na vipeperushi vya Kifaransa kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi. Aliyetafsiri akaandika: "Fanya kazi ya sentimita 20 kabla ya mvua kukolea." Mzee mmoja akanijia na karatasi ile, ameikunja mara nne na kuificha ndani ya kofia. "Bwana shamba, kazi inapimwaje kwa rula?" Kifaransa sikukijua wakati huo. Nikamjibu kwamba ni nafasi kati ya shimo na shimo. Akakwangua udongo juujuu kwa jembe la mkono, akapanda mahindi kila sentimita 20. Yakasongamana, yakageuka manjano yangali magotini. Nilipong'oa shina moja nikakuta mizizi imegonga udongo mgumu kina cha kiganja tu, ikapinda pembeni kama ndoano. Mahali alipozoea kupata magunia sita alivuna moja na nusu. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mwaka huohuo nikanunua kamusi ya Kifaransa, nikaelewa: karatasi ilitaka alime kwa plau kina cha sentimita 20.

Na Kiswahili chenyewe mnakifanyia vilevile. "Wananchi wanafanya kilimo cha mahindi." Wanalima mahindi, Mhariri! Tuna kufyeka, kutifua, kupiga matuta, kupalilia, kupura, kupepeta, na kila neno lina chombo chake na mwezi wake. Ukiyamwaga yote ndani ya "shughuli za kilimo", msomaji hajui kama mahindi yako ghalani au bado ni mbegu.

Naomba hivi: kila habari ya kilimo, kabla haijaenda mtamboni, msomeeni mkulima mmoja kwa simu, kisha mumwulize, "Hapa ungeshika chombo gani?" Akitaja jembe, plau au panga, chapeni. Akikosa jibu, irudi kwa mwandishi. Mimi niko tayari kupigiwa siku yoyote, ila iwe baada ya saa nne asubuhi. Kabla ya hapo niko shambani.

Bwana shamba mstaafu,
Kasulu, Kigoma