Barua kwa mwanangu: majani ya kunywa, si ya kuvuta

Tanga

Mwanangu Seif,

Salamu nyingi, na hapa nyumbani wote wazima. Umeniuliza ni majani gani ya halali utumie sasa unapoiacha bangi, maana huko Mombasa kila mtu ana lake la kukuuzia. Swali lako lina mtego. Jani la halali linaloleta stimu kama ya bangi, likimbie. Linalokusaidia kulala na kutuliza tumbo, hilo litumie, ila ulinywe, usilichome.

Kwanza ijue arosto yenyewe, yaani mateso ya mwili unapokikosa kilevi ulichokizoea. Mtu aliyekuwa akivuta kila siku, akikata, kati ya siku ya kwanza na ya tatu huanza hasira za bure, wasiwasi, jasho la usiku, na chakula hakipiti. Kilele ni ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya wiki mbili mengi huwa yamelegea, isipokuwa usingizi wa mang'amung'amu na ndoto kali, ambazo zaweza kufika mwezi. Asikwambie mtu kuwa umerogwa. Bangi huubana ule usingizi wenye ndoto, na ukiiacha ndoto hurudi kwa kishindo. Kukata bangi kwa ghafla hakuui. Pombe ndiyo ya kuogopa: kama unakunywa kila siku, usiache vyote viwili kwa mkupuo bila daktari, kwa sababu pombe ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege.

Kwa usiku, mchaichai. Chukua kiganja cha majani mabichi uliyoyakata vipande, au vijiko viwili vya chakula vya makavu, kwa nusu lita ya maji. Chemsha dakika 5, epua, funika dakika 10. Usipofunika, mafuta yenye harufu huondoka na mvuke ukabaki na maji ya kijani. Kunywa kikombe kimoja saa moja kabla ya kulala. Ukinywa vitatu utashinda msalani. Ukipata kamomili supamaketi, pakiti moja kwenye kikombe cha maji yaliyochemka, nayo ufunike dakika 10. Lakini mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, aiache. Na usitegemee chai ikuangushe kama msokoto. Nguvu zake ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba inashika ile saa uliyozoea kuvuta, na mikono inapata kazi, kwa hiyo inywe saa ile ile kila siku hata kama huioni ikifanya kitu.

Tumbo likichafuka, tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, uponde, uchemshe dakika 10 katika vikombe viwili. Asubuhi usijilazimishe sahani. Uji mwepesi, ndizi, supu, kidogo kidogo kila baada ya saa tatu.

Kahawa ndiyo wengi huikosea. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini upesi. Kama ulikuwa ukiichanganya bangi na tumbaku, ukiacha vyote, kikombe kile kile cha kahawa chungu hukaa mwilini muda mrefu zaidi, nawe ukadhani ni wasiwasi wa arosto. Punguza nusu, na cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana. Tena kwa mvutaji wa mchanganyiko, sehemu ya hiyo arosto ni ya nikotini, na mchaichai hauiwezi. Famasi wanauza bazoka, yaani chingamu, za nikotini. Hizo ndizo badala ya tumbaku.

Sasa hayo ya kuvuta. Wapo watakaokuletea mchanganyiko wa majani makavu "yasiyo na bangi wala tumbaku". Jani lolote likiungua hutoa lami na kaboni monoksidi, hata liwe mnanaa. Ubaya mwingine: kusokota, kuwasha na kushikilia moshi ndiyo nusu ya mazoea yenyewe, na ukiyaendeleza unaifuga hamu. Shisha ya "matunda tu" ni vilevile. Makaa yake peke yake yanatosha kukuumiza.

Pakiti zinazonadiwa kama uvumba wa mitishamba, au kwa jina la Spice, usizishike kabisa. Ni majani ya kawaida yaliyonyunyiziwa kemikali za maabara zinazogonga mlango ule ule wa bangi kwenye ubongo, ila kwa nguvu kubwa zaidi. Kipimo hakilingani hata ndani ya pakiti moja: huku hamna kitu, huku mtu anaanguka. Mwaka 2018 katika jimbo la Illinois, Marekani, zilikutwa na sumu ya panya, brodifakumu, na wavutaji wakatokwa damu puani, kwenye fizi na kwenye mkojo; wengine walikufa.

Mirungi huko Kenya ni halali, na hapa Tanzania ni kosa, kwa hiyo usivuke nayo mpaka wa Horohoro. Lakini hata bila sheria haikufai. Inaondoa usingizi na hamu ya kula, yaani vitu viwili hasa unavyovitafuta. Muguka, nayo aina ya mirungi, ndiyo hivyo hivyo. Halafu mlaji akitaka kushuka hutafuta bangi au bugizi, vile vidonge vya usingizi, akarudi alikotoka.

Ukimtuma mtu sokoni, tamka vizuri. Mnanaa ni wa chai. Mnanaha, wengine husema mranaha, ni ule wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, unaoota jalalani, na wako wanaouvuta kwa kuwa ni bure. Hukausha mdomo, hutanua mboni, huzuia mkojo, na mtu huweweseka siku nzima au zaidi. Mwaka 2019 sumu yake iliingia kwenye unga wa lishe huko Karamoja, Uganda, na watu watano wakafa.

Unga wa mganga usio na lebo, usinywe; hujui kama kuna vidonge vya usingizi vilivyosagwa ndani. Na chai za "kusafisha mkojo" ni pesa ya bure. Mabaki ya bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku kipimo cha mkojo chaweza kuonyesha hata baada ya mwezi. Kama kazini wanapima, hesabu siku, usihesabu vikombe.

Wiki mbili zikipita bado hulali kabisa, au ukisikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, au ukiwaza kujidhuru (hili la mwisho usilisubirishe hata saa moja), nenda hospitali kitengo cha afya ya akili. Waambie ulivuta nini na unakunywa majani gani, mchaichai ukiwemo. Methadoni hawatakupa, hiyo ni ya heroini.

Mchaichai mkavu nimeutia kwenye mfuko wa khaki, utafika na basi la Ijumaa. Ukiupokea uanike tena kivulini siku moja kabla ya kuufungia, maana joto la kwenye buti la basi huufanya utoe unyevu ukaota ukungu.

Mama yako