Imani Yao: Risala ya Kikundi Chetu kwa Baba Askofu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Baba Askofu. Mchungaji wetu na mama mchungaji. Wazee wa kanisa. Chifu na wazee wa mtaa. Wageni wapendwa, wazazi, vijana na watoto: Bwana Yesu asifiwe!

Nasimama kwa niaba ya kikundi cha maombi na kusaidiana cha kanisa letu hapa Mathare, Nairobi. Karibu sana, Baba. Tunajua Jumapili ya askofu ina mialiko mingi, nawe umekubali kushuka mpaka huku bondeni, ukakanyaga matope yetu na kuwasalimu watoto mmoja mmoja. Mungu akuzidishie.

Kikundi hiki kilizaliwa mwaka wa 2020. Makanisa yalifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa Julai masharti yalikuwa mazito: watu wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na wenye umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Wazee waliotufundisha kuomba ndio waliozuiwa kuja kuomba. Vijana wachache wakaanza kuwazungukia, barakoa usoni, paketi ya unga mkononi, wakiwasomea Zaburi kutoka nje ya mlango. Hawakujua wanaanzisha kikundi. Leo tumo akina mama tunaofua nguo Eastleigh, wauza mboga, vijana wa mjengo na wa bodaboda, wajane, na wazee wale wale waliosomewa Zaburi mlangoni. Tunachanga kila wiki kadiri ya uwezo wa mtu, tunatembelea wagonjwa, tunazikana, na Alhamisi jioni tunaomba.

Baba Askofu, mwaka wa 2024 umebaki mwilini mwetu. Mwishoni mwa Aprili Mto Mathare ulifurika ukaingia majumbani. Waliowahi walitoka na watoto mgongoni. Waliochelewa walipanda juu ya mabati wakasubiri kupambazuke. Wapo tuliowazika. Shule zilizokuwa zifunguliwe mwezi huo hazikufunguliwa hadi Mei 13, na familia nyingi zilikuwa zikilala shuleni na makanisani. Kabla matope hayajakauka, serikali ikaamuru wote waliojenga kandokando ya mito wahame, na matingatinga yakashuka bondeni. Iliahidiwa Sh10,000 kwa kila familia ili ikaanze upya kwingine. Hatusemi kwamba kingo za mto ni mahali pa kulea watoto; sisi ndio tunaojua zaidi kwamba sipo. Lakini kilichosazwa na maji kilichukuliwa na chuma, ndani ya mwezi mmoja, na mtu aliyeamka maskini akalala hana hata anwani. Juni ikafika, vijana wa nchi hii wakajaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na wapo wazazi ambao watoto wao hawakurudi nyumbani.

Ni katika miezi hiyo tulipofundishwa jambo tunalotaka ulisikie leo.

Mwenzetu mmoja, mama anayeuza mitumba, alipoteza marobota yake yote kwenye maji, kisha nyumba yake ikabomolewa. Alikuja Alhamisi akakaa nyuma. Tulipomwomba aongoze sala alisema, “Mimi sina neno la kumwambia Mungu.” Palikuwa kimya. Aliwahi kuambiwa na mhubiri mmoja, asiye wa kanisa letu, kwamba imani yake ni haba ndiyo maana yamempata, na kwamba akituma sadaka ya mbegu kwa simu, Mungu atamrudishia mara dufu. Alituma. Ilikuwa pesa ya chakula.

Baba, tuna uchungu na mafundisho hayo, na tunayasema mbele yako bila kuficha. Yanamkuta mtu amelemewa, yanamwongezea mzigo wa hatia, kisha yanamlipisha.

Mzee wetu mmoja alifungua Marko sura ya 2 akatusomea habari za yule mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne. Umati ulikuwa mkubwa, wakatoboa paa, wakamteremsha na godoro lake. Sisi tunaoishi chini ya mabati tunajua maana ya mtu kutoboa paa la mwenzake. Hilo ni jambo la kupelekana kwa chifu! Wale watu walilitoboa hata hivyo. Na Marko anaandika kwamba Yesu “alipoiona imani yao,” ndipo akamwambia yule mgonjwa, “Mwanangu, umesamehewa dhambi zako.” Imani yao. Yule aliyelala kwenye godoro hasemi neno lolote katika habari nzima. Pengine alikuwa ameshachoka kutumaini. Pengine hakutaka hata kubebwa. Marko hatuambii, na Yesu hakumdai ushuhuda kwanza.

Tangu siku ile tulikubaliana kwamba katika kikundi hiki hakuna atakayeambiwa ana imani haba kwa sababu analia, au kwa sababu amenyamaza. Asiyeweza kuomba wiki hii anaombewa, na wiki ijayo huenda zamu ikawa ya aliyemwombea. Yule mama alikaa nasi kwa muda mrefu bila kufungua kinywa. Hatukumsukuma. Tulimpikia, tukamkalisha karibu, tukaimba. Tulikumbuka Nabii Eliya alivyolala chini ya mti jangwani akiomba afe, na malaika aliyetumwa kwake hakumhubiria. Alimwamsha ale, akalala tena, akamwamsha ale mara ya pili. Tunasoma pia Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila hata mstari mmoja wa kushukuru mwishoni. Imo ndani ya Biblia. Mungu hakuiondoa. Na Bwana wetu mwenyewe msalabani alilia, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Ikiwa Mwana wa Mungu aliruhusiwa kusema hivyo, mama wa Mathare asinyimwe ruhusa hiyo.

Tumaini letu, Baba Askofu, halikai juu ya ahadi kwamba mvua haitanyesha tena. Mvua za masika zitarudi mwezi wa Machi kama kawaida yake. Tunatumaini kwa sababu Kristo alizikwa kweli, akafufuka kweli, na tuliowazika mwaka ule wako mikononi mwake. Kama hilo si kweli, basi hata haya marobota na nyumba tukirudishiwa yote hayatatutosha.

Mstari unaopendwa kuliko yote mjini Nairobi huenda ni Yeremia 29:11, wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Umeandikwa kwenye matatu, kwenye kalenda, kwenye kuta za saluni. Nasi tunaupenda. Lakini tuliposoma barua nzima tulishtuka kuona kwamba iliandikiwa mateka kule Babeli, na ndani yake wanaambiwa watangoja miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walikuwa watazeeka na kufa kabla ya kutimia. Na kazi waliyopewa wakingoja ni kujenga nyumba, kupanda bustani, kuoza watoto wao, na kuuombea amani mji uliowashikilia. Ndiyo maana kila Alhamisi tunaiombea Nairobi, hata siku ambazo tumeikasirikia.

Yeremia huyo huyo, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na jeshi la Babeli naye akiwa amefungwa katika uwanja wa walinzi, alinunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Akaweka mashahidi, akatia hati muhuri, akaagiza itiwe katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Shamba lenyewe lilikuwa kwenye nchi inayotekwa! Sisi, tukiwa bado tunalala kwenye ukumbi wa kanisa, tulichanga tukanunua cherehani za mitumba. Wapo waliotucheka: hamna pa kulala, mnanunua cherehani? Tulizifunika kwa nailoni tukaziweka nyuma ya madhabahu, kwa ruhusa ya mchungaji, ambaye tunamshukuru sana. Leo zinashona sare za shule. Na anayepima vitambaa na kuwafundisha wasichana kukata ni yule mama wa mitumba. Ameanza kuomba kwa sauti hivi karibuni. Sala zake bado ni fupi.

Mheshimiwa mgeni wa heshima, tunayo maombi machache kwako. La kwanza na lililo zito: tusaidie kupata mafunzo ya ushauri nasaha kwa wanakikundi wanaokaa na waliofiwa. Upendo tunao, lakini kuna majeraha ambayo yanahitaji ujuzi, na tunaogopa kuyatonesha. Pili, tunakuomba uzungumze na parokia zilizo sehemu za juu ili kumbi zao ziwe tayari kabla ya masika, funguo zijulikane ziko kwa nani, na blanketi ziwekwe mapema. Mwaka ule baadhi ya milango ilifunguliwa usiku wa manane kwa kubishwa sana. Tena, Baba, wakumbushe wahubiri wetu wasimdai mwenye msiba furaha asiyokuwa nayo. Tungependa pia cherehani mbili za kutarizi, ikiwezekana.

Baada ya ibada tutakuomba uje ubariki chumba cha ushonaji, hapo nyuma ya kanisa. Chakula kiko tayari, na akina mama wamesema usiruhusiwe kuondoka kabla ya kula.

Ahsante kwa kutusikiliza. Bwana akubariki na akulinde.

Ni sisi wanakikundi; imesomwa na katibu.