Mzazi alipie nini kumfundisha mwanawe kuendesha gari?

Mhariri,

Je, mzazi anayemfundisha mwanawe kuendesha gari atozwe ada? Mimi nasema hapana. Ada ya leseni ya mwanafunzi naielewa, na ya mtihani pia, maana mtahini hafanyi kazi bure. Lakini kumtoza mzazi kwa sababu tu ameketi kiti cha pembeni akimfundisha mwanawe? Gari ni lake, mafuta ni yake, bima analipa yeye, na moyo unaomruka kila breki inapokanyagwa ghafla ni wake vilevile.

Texas, kule Marekani, mzazi anayemfundisha mwanawe hulipia mwongozo wa kufundishia dola 20. Wengine watasema si kitu. Uingereza msimamizi, yaani anayeketi kando ya mwanafunzi, halipi chochote: awe tu amevuka miaka 21, awe na leseni kwa miaka 3, na gari libandikwe herufi L.

Kijana hupata uzoefu kwa saa nyingi barabarani, usiku, kwenye mvua, kwenye foleni, na saa hizo familia chache zinaweza kumlipa mwalimu azimalize. Ukiweka ada, wapo watakaofundisha kimyakimya bila kujiandikisha. Ikiwa lazima fedha zipatikane, ziongezwe kwenye mtihani, ambako angalau serikali ina mtu wake ndani ya gari.

Mzazi msomaji