Siku tatu alizoambiwa mpwa wangu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Nimekuwa mkunga miaka 31, sasa nimestaafu, naishi Ujiji. Najua wapo watakaoona haya kusoma barua hii mbele za watu. Wakaisomee chumbani.

Mpwa wangu, mama wa watoto wawili anayeuza vitenge soko la Mwanga hapa Kigoma, alikwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Huko akaingia kliniki moja, akapunguzwa mashavu madogo ya uke, ile mikunjo miwili ya ngozi mlangoni. Hakuwa anaumwa. Aliona picha kwenye simu, akajiona ana kasoro. Wakamwambia ni ganzi tu, saa moja umemaliza, siku tatu uko kazini. Siku ya nne akapanda basi kurudi Kigoma.

Ni zaidi ya kilomita 1,200, na zote ni za kukalia. Kutoka stendi akachukua bodaboda mpaka kwangu, kwake aliogopa kwenda.

Nilimlaza mkekani nikamulika tochi. Upande wa kulia nyuzi zilikuwa zimeachia, kidonda kimefunguka upana wa ukucha wa dole gumba, kingo zimeshaingia usaha. Khanga ilikuwa imegandia. Tangu Morogoro hakunywa maji, eti asikojoe, maana mkojo ulikuwa unamchoma kama pilipili. Nikampa maji anywe, nikampa na bakuli la maji ya uvuguvugu ajimwagie huku anakojoa. Akalia, lakini akakojoa. "Shangazi, mbona waliniambia siku tatu?"

Hospitalini daktari hakumshona upya, maana nyama iliyovimba na kuoza haishiki uzi. Alipewa antibayotiki, kidonda kikaachwa kijae chenyewe kutoka ndani. Kilichukua wiki saba, na kibanda kimefungwa muda wote huo.

Mtu mzima mwili wake ni wake, na wapo ambao mashavu hayo huwasumbua kweli wakivaa suruali au wakipanda baiskeli. Sigombani nao. Ninagombana na hizo siku tatu. Sehemu ile ina damu nyingi na mishipa ya fahamu mingi, ndiyo maana huvimba vile. Siku za mwanzo ni za kulala, kuweka barafu iliyofungwa kitambaani, kunawa maji safi na kujikausha kwa kubonyeza bila kusugua. Tendo la ndoa na baiskeli vingoje kama wiki sita, na uvimbe wa mwisho huondoka baada ya miezi. Ukiyafuata yote hayo bado unaweza kubaki na kovu linalouma au ganzi isiyokwisha. Haya mwanamke aelezwe kabla hajatoa pesa, na kama ametoka mikoani aulizwe atarudije na atalala wapi.

Mpwa wangu alipowapigia simu kliniki, wakamwambia arudi wamwangalie, tena wana mashine ya leza ya "kukaza" uke, watampunguzia bei! Julai 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba mashine za namna hiyo hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo, na kwamba zimeacha wanawake na majeraha ya moto, makovu na maumivu. Nilimnyang'anya simu.

Na hiyo kasoro yenyewe? Mwaka 2005 madaktari wa London walichapisha vipimo vya wanawake 50: upana wa mashavu madogo ulianzia milimita 7 hadi 50, na hakuna aliyekuwa amekwenda kutibiwa sehemu hizo. Mimi nimezalisha wanawake nisioweza kuwahesabu, sijaona wawili waliofanana. Rwanda, si mbali na hapa, kuna mila ya gukuna, wasichana huyavuta yawe marefu. Huku tunayakata. Sijui nani amkatie nani tiketi.

Kibanda cha vitenge kimefunguliwa tena. Anauza akiwa amekalia mto, ameegemea upande wa kushoto, na wateja wakimuuliza anasema ni mgongo.

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma